Mama, kabla hujauza mbuzi: safari ya Samatta (Sehemu ya 4)

Leo nilisema tutaongelea vyakula vya kumwanzishia mtoto akifika miezi sita, lakini naomba tusogeze hadi Jumapili. Kuna jambo limenikaa rohoni.

Wiki iliyopita nikiwa zamu, mama mmoja aliyeleta kichanga aliniuliza swali pembeni. Ana kijana wa miaka 14, yuko kidato cha kwanza, mpira anaujua kweli. Kuna bwana kamwambia atampeleka nje kufanya majaribio, "awe kama Samatta". Anataka shilingi laki nane mapema. Mama alishaanza kuhesabu mbuzi.

Sikuwa na jibu la haraka. Nyumbani kwetu kaka zangu ni wa mpira tupu, hivyo habari za Samatta nimekua nazo. Nikaona nizipange vizuri, maana jibu limo humo humo.

Mbwana Samatta kazaliwa Dar es Salaam, Desemba 1992. Kaanzia African Lyon, kisha Simba. Mwaka 2011 Simba ilikutana na TP Mazembe ya Kongo kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Simba ikatolewa, ila Mazembe wakamwona kijana, wakamnunua. Hapo weka alama mama: alikuwa na miaka 18, na aliyetoa hela ni Mazembe.

Lubumbashi alikaa karibu miaka mitano. Watu huwa tunairuka hii sehemu, tunakimbilia Ulaya, wakati hapa ndipo alipoiva. Mwaka 2015 Mazembe walichukua ubingwa wa Afrika, yeye akafunga mabao saba kwenye mashindano hayo na akafunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger. Januari 2016 akapewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Mwezi huo huo Genk ya Ubelgiji wakamchukua. Miaka 23.

Genk nako hakulipuka siku moja. Msimu wa 2018/19 ndio alifunga mabao 23 ya ligi, Genk wakawa mabingwa, na akapata Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ile. Mwaka 2019 huo huo akiwa nahodha aliiongoza Taifa Stars Misri, AFCON yetu ya kwanza tangu 1980. Novemba akafunga kwa kichwa Anfield, kwa Liverpool.

Januari 2020 akaenda Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Mechi yake ya kwanza ya ligi, ugenini kwa Bournemouth, akafunga. Machi mosi akafunga tena Wembley, fainali ya Kombe la Ligi, ingawa Manchester City walishinda 2-1. Nakumbuka tulivyopiga kelele wodini mpaka sista mkuu akatoka.

Sasa sikilizeni hii. Baada ya Wembley hakufunga tena Villa. Korona ikasimamisha ligi, iliporudi mabao hayakuja, na Septemba akapelekwa Fenerbahçe ya Uturuki. Mwaka mmoja baadaye, Antwerp kwa mkopo. Kisha Genk tena kwa mkopo. Mwaka 2023 PAOK ya Ugiriki, akachukua ubingwa wa ligi huko 2024. Mwaka 2025 Le Havre ya Ufaransa. Hesabu: timu tisa, nchi saba. Kila mara lugha mpya, nyumba mpya, kocha mpya ambaye labda hakutaki. Huyo ndiye aliyefanikiwa kuliko wote kwetu!

Nilichomwambia yule mama ni hiki. Kwanza, katika safari yote hiyo mchezaji hutafutwa na timu, na timu ndiyo inayolipa. Anayekudai wewe hela ya kumuuza mwanao, jiulize anauza nini. Pili, FIFA hairuhusu kuhamisha mchezaji nchi kwenda nchi kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache, kwa mfano wazazi wenyewe wamehamia huko kwa mambo yao yasiyo ya mpira. Mtoto wa miaka 14 anayepelekwa peke yake ni hatari. Tatu, wakala wa kweli ana leseni ya FIFA. Mwambie aionyeshe, kisha ulizia TFF kama wanamjua.

Sisemi mzime ndoto. Hapana. Mnunulie viatu, hata vya mtumba. Mwache acheze UMISSETA, huko nako macho yapo. Siku hizi hata mkoa wetu una timu Ligi Kuu, Singida Black Stars, sio lazima kila kitu kianzie Dar. Ale vizuri, alale, akiumia goti mlete hospitali, usimkande tu kwa maji ya moto ukasema litapona. Na shule asiache. Mchezaji anaweza kumaliza mpira kwa jeraha la dakika moja, mimi nimewafunga bandeji.

Jana yule mama kanitumia ujumbe. Mbuzi bado wako zizini. Bwana yule alipoulizwa leseni alisema atapiga baadaye, hajapiga. Kijana kanuna, hali na mama yake meza moja.

Atanuna wiki, mama. Wiki inapita. Mbuzi wakishauzwa hawarudi, na mtoto akishapotea njiani ni kubaya zaidi.

Mwenye mtoto wa mpira nyumbani amtumie mwenzie. Jumapili tunarudi kwenye uji.