Upimaji wa Mayai kwa Mwanga Wapunguza Hasara kwa Wafugaji wa Kuku

Yai la kuku huanguliwa baada ya siku 21 za kuatamiwa. Katika kipindi hicho, yai moja lililooza linaweza kupasuka na kueneza vimelea vya magonjwa kwa mayai mengine, hivyo mfugaji akapoteza vifaranga aliowatarajia. Kasoro hiyo hugundulika mapema iwapo mayai yatapimwa kwa mwanga.

Kwa ajili ya kutotolesha, huchaguliwa mayai safi, yasiyo na nyufa, yaliyotagwa ndani ya siku saba na kuhifadhiwa mahali penye ubaridi, ncha butu ikiwa juu. Mayai hayo hayaoshwi kwa maji.

Kwa mashine yenye feni, joto linalohitajika ni nyuzi 37.5 za Selsiasi, na unyevu wa asilimia 50 hadi 55. Mayai hugeuzwa angalau mara tatu kwa siku hadi siku ya 18. Baada ya hapo hayageuzwi tena, na unyevu huongezwa hadi kufikia asilimia 65 au zaidi. Umeme unapokatika, mashine isifunguliwe, ili joto lisipotee.

Upimaji wa kwanza hufanyika siku ya saba, usiku au katika chumba chenye giza. Tochi huwekwa ndani ya boksi lenye tundu dogo kuliko yai, kisha ncha butu ya yai huelekezwa kwenye tundu hilo. Yai lenye kifaranga huonesha doa jeusi lililozungukwa na mishipa ya damu mithili ya utando wa buibui. Yai linalong'aa lote halina mbegu, na lenye duara la damu limekwisha kufa. Yai lenye ganda la kahawia huhitaji tochi yenye mwanga mkali zaidi.

Upimaji wa pili hufanyika siku ya 18, ambapo kifaranga huwa amejaza yai lote isipokuwa nafasi ya hewa kwenye ncha butu.

Utaratibu huo hutumika pia kwa mayai yanayoatamiwa na mtetea. Mayai viza yanayoondolewa hayafai kuliwa wala kuuzwa. Yanapaswa kufukiwa mbali na banda. Mfugaji mwenye mayai mengi yasiyo na mbegu anashauriwa kuangalia uwiano wa majogoo na mitetea, na kumwona ofisa mifugo wa kata yake.