Riwaya za Wanawake Walioanza Maisha Upya

Katika hadithi nyingi za zamani, msomaji, mwanamke akishatoka katika nyumba ya mumewe hutoka pia katika hadithi. Ama hurudishwa kwa wazazi wake, ama hufa, ama hubaki mahali fulani kuwa onyo kwa wasichana wengine. Ilikuwa nadra mtunzi kumfuata njiani ili aone alilala wapi usiku ule, alikula nini, na watoto wake walisomeshwa na nani. Nataka kukueleza habari za waandishi watatu, wote wanawake, waliomfuata.

Wa kwanza ni Anne Brontë, binti wa kasisi wa Uingereza, ambaye mwaka 1848 alitoa riwaya iitwayo The Tenant of Wildfell Hall. Hakuitoa kwa jina lake. Alijiita Acton Bell. Ndani yake yumo Helen, mke wa mlevi tajiri ambaye amefikia kumfundisha mwanawe mdogo kunywa mvinyo na kutukana. Helen anajua kuchora, naye anakusudia kukimbia na mtoto na kuishi kwa kuuza picha zake. Anaandika kusudi hilo katika daftari la siri. Mume analiona daftari, analisoma, anamnyang'anya funguo, kisha anazitupa motoni brashi zake, rangi zake na vitambaa vyake vya kuchorea. Angalia vizuri ni kitu gani alichochagua kukichoma. Hakuchoma nguo wala barua. Alichoma chombo cha riziki.

Ili upate kuuona uzito wa tendo hilo, hapana budi uijue sheria ya siku zile. Mwanamke wa Kiingereza aliyeolewa hakuwa na mali yake. Hata fedha aliyoichuma kwa mikono yake ilihesabiwa kuwa ya mumewe, na haki ya kwanza juu ya mtoto ilikuwa ya baba. Talaka kamili ilipatikana kwa sheria maalumu ya Bunge tu, kwa gharama ambayo wachache waliimudu. Basi Helen alipotoroka baadaye, akapanga nyumba ya mbali kwa jina la uongo na kuuza picha zake, mbele ya sheria ile alikuwa karibu na mwizi: amemwiba mwanawe, na anaiba jasho lake mwenyewe.

Mahakama ya talaka iliundwa kwa sheria ya mwaka 1857, nayo haikupima kwa mizani moja. Mume alitosheka kuthibitisha uzinzi wa mkewe. Mke alitakiwa kuthibitisha uzinzi na kosa jingine juu yake. Tofauti hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 1923. Haki kamili ya mke kumiliki mali ilikuja kwa sheria ya mwaka 1882. Wala usidhani kwamba mambo haya ni ya Waingereza peke yao, kwani mahakama za Kenya ziliendelea kuitumia sheria hiyo ya 1882 katika mashauri ya mali ya mume na mke, hata Bunge letu lilipotunga sheria yake mwaka 2013.

Brontë hakuweza kumpa Helen talaka; ilimbidi kumwua mume kwa maradhi ndipo bibi yule awe huru kuolewa tena. Hata hivyo kitabu kiliwaudhi wengi. Anne alipofariki mwaka 1849, dada yake Charlotte aliona kwamba uchaguzi wa habari ile ulikuwa kosa, akakataa kitabu kisipigwe chapa tena.

Zaidi ya karne moja ikapita, na moto ukawaka tena katika nchi ile ile, safari hii si katika hadithi. Buchi Emecheta alizaliwa Lagos mwaka 1944, wa kabila la Igbo, akaolewa akiwa na miaka 16. Mwaka 1962 alimfuata mumewe London. Mume alikuwa mwanafunzi. Mke akafanya kazi katika maktaba, akazaa, na katika nafasi ndogo aliyobakiwa nayo akaandika riwaya yake ya kwanza. Mume akaichoma. Mwaka 1966 Bibi Emecheta aliondoka akiwa na miaka 22, na watoto wanne, na mimba ya wa tano.

Alisoma elimu ya jamii katika Chuo Kikuu cha London, akaandika makala za maisha yake katika gazeti la New Statesman, na mwaka 1972 makala hizo zikawa kitabu, In the Ditch. Si kitabu cha ushindi. Adah, mama aliye peke yake, anaishi katika majumba machafu ya halmashauri na kupokea posho ya serikali pamoja na wanawake wa Kiingereza walio maskini kama yeye. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo thamani yake, kwa maana mwandishi hakuficha kwamba mtu akianza upya huanzia chini sana.

Kuchomwa kwa mswada kumesimuliwa katika kitabu cha pili, Second-Class Citizen, cha mwaka 1974. Mume, Francis, anadai kwamba jamaa zake wasingependa mke wake aandike kitabu cha namna ile. Halafu, mbele ya mahakama, anakana kwamba walipata kuoana, na Adah hana cheti cha kuonyesha, kwa sababu hicho nacho kimechomwa. Jibu la Adah ni kwamba watoto ni wake, na hilo linamtosha. Ama ile riwaya iliyoteketea, Bibi Emecheta aliiandika tena toka mwanzo, ikatoka mwaka 1976 kwa jina la The Bride Price.

Wa tatu ni Mariama Bâ wa Senegal, mwalimu aliyefunzwa katika chuo cha ualimu cha Rufisque. Aliachana na mumewe akalea watoto tisa, na riwaya yake ya kwanza, Une si longue lettre, ilitoka mwaka 1979, alipokuwa na miaka 50. Mwaka 1980 ilipata Tuzo ya Noma, ya kwanza kutolewa. Mwaka uliofuata akafariki.

Riwaya hiyo ni barua ya Ramatoulaye, mjane aliyemo edani, kwa rafiki yake Aïssatou. Waume wa wote wawili walioa wake wa pili. Aïssatou aliondoka na wanawe wanne, akasoma, akawa mkalimani, akapata kazi katika ubalozi wa Senegal huko Marekani. Ramatoulaye hakudai talaka, bali mume ndiye aliyemtupa. Akawa anasafiri na watoto katika mabasi yaliyojaa, huku mke mdogo na mama yake wakipita kwa magari. Aïssatou alipopata habari hiyo alimnunulia rafiki yake gari, aina ya Fiat. Ramatoulaye hakuwa amepata kushika usukani, na aliogopa sana. Alijifunza hivyo hivyo, akapata leseni.