Mishale ya Fedha na Nakala Zake: Magari ya Mbio ya Auto Union

Auto Union ilikuwa kampuni ya magari ya Ujerumani iliyoundwa mwaka 1932 kwa kuunganisha Audi, DKW, Horch na Wanderer. Pete nne zilizoshikana katika nembo ya Audi ya leo ni ukumbusho wa muungano huo. Kati ya 1934 na 1939 karakana ya kampuni hiyo mjini Zwickau, Saxony, iliunda magari ya mbio ambayo, pamoja na yale ya Mercedes-Benz, yaliitwa Mishale ya Fedha kwa sababu ya rangi yake. Machache kati ya hayo yamesalia. Mengine yanayoonyeshwa katika makumbusho na kuendeshwa kwenye maonyesho ni nakala zilizoundwa kwa mkono zaidi ya nusu karne baadaye.

Magari ya kwanza yalibuniwa na ofisi ya Ferdinand Porsche kwa kufuata kanuni ya mbio iliyoanza kutumika mwaka 1934, kwamba gari tupu lisizidi kilo 750. Serikali ya Kinazi ilitoa ruzuku kwa Auto Union na kwa Mercedes-Benz, ikitaka ushindi wa viwanjani uwe tangazo la ufundi wa Ujerumani. Wakati magari mengi ya mbio yalikuwa na injini mbele, Porsche aliiweka nyuma ya dereva. Tangi la mafuta lilikaa kati ya dereva na injini, hivyo mizani ya gari haikubadilika sana mafuta yalipopungua. Injini yenyewe ilikuwa na silinda 16 katika safu mbili za umbo la V, na kamshafti moja tu ya katikati iliendesha valvu zote 32. Gari la 1934 lilikuwa na injini ya lita 4.4 yenye nguvu farasi 295. Type C ya 1936 ilifika lita 6 na nguvu farasi 520, na mwaka huo dereva wake Bernd Rosemeyer akawa bingwa wa Ulaya. Alifariki Januari 1938 akijaribu kuvunja rekodi ya mwendo kwenye barabara kuu ya Frankfurt na Darmstadt. Kanuni ilipobadilika mwaka huohuo, kampuni ilitoa Type D yenye silinda 12 na injini ya lita 3. Dereva Tazio Nuvolari alishinda nayo mjini Belgrade tarehe 3 Septemba 1939, siku ambayo Uingereza na Ufaransa zilitangaza vita dhidi ya Ujerumani.

Wakati wa vita magari yalifichwa katika majengo ya mgodi karibu na Zwickau. Vita vilipokwisha mji huo uliangukia ukanda wa Kisovieti, na magari yakachukuliwa kuwa sehemu ya fidia. Yalisafirishwa hadi Umoja wa Kisovieti na kugawiwa kwa viwanda na taasisi ili wahandisi wayachunguze. Mengi yalifunguliwa vipandevipande na hayakuunganishwa tena. Auto Union mpya iliyoanzishwa Ingolstadt, Ujerumani Magharibi, mwaka 1949 haikurithi magari hayo. Upande wa Magharibi, Type C moja ilibaki katika Deutsches Museum mjini Munich.

Urejeshaji ulianzia Moscow. Mwaka 1976 wapenzi wa magari ya kale wa Latvia waliliokoa gari moja lililokuwa katika kiwanda cha ZIL, likisubiri kukatwa liwe chuma chakavu. Lilikuwa gari la mbio za milimani la 1939, lenye injini ya Type C juu ya fremu ya Type D, nalo likapelekwa Riga. Baadaye mkusanyaji mmoja wa Marekani alipata mabaki ya Type D katika Umoja wa Kisovieti: fremu, injini na vipande vingine. Magari mawili yalijengwa upya kutokana na mabaki hayo na karakana ya Kiingereza ya Crosthwaite & Gardiner, iliyoko Buxted, Sussex. Karakana hiyohiyo ililikarabati gari la Riga na kuunda nakala yake. Leo gari la asili liko mikononi mwa Audi, na makumbusho ya Riga yanaonyesha nakala.

Kazi ya kuunda nakala huanza na michoro iliyosalia, picha za zamani na vipimo vinavyochukuliwa kwenye vipande vya asili. Kwa sehemu za kusubu, fundi huchonga kielelezo cha mbao, hukizungushia mchanga ili kupata kalibu, kisha madini yaliyoyeyushwa humiminwa humo. Kinachotoka huchongwa kwa mashine hadi kipimo kitimie. Bodi ni kazi ya fundi wa bati. Alumini nyembamba hupigwa kwa nyundo juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga mpaka ibonyee, halafu hupitishwa mara kwa mara kati ya magurudumu mawili ya chuma yanayofuta alama za nyundo na kukaza mviringo.

Gari lililofufuliwa hubeba vipande vya zamani, hata kama bodi yake ni mpya. Nakala ni mpya yote, ingawa hufuata kipimo kilekile. Type C kadhaa zinazoendeshwa leo ni za kundi hili la pili.

Kundi la tatu lilizaliwa na Type 52. Hilo lilikuwa gari la michezo la viti vitatu, dereva akikaa katikati, lililokusudiwa kwa mbio ndefu kama za Le Mans. Porsche alilipanga mwanzoni mwa miaka ya 1930, lakini mradi ulisitishwa mwaka 1935 bila gari kukamilika. Audi iliwapa Crosthwaite & Gardiner kazi ya kuliunda kwa kutegemea nyaraka na michoro ya hifadhi, na mwaka 2024 likaonyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza huko Goodwood, Uingereza. Halikuwa na gari la asili la kulinganishwa nalo. Palipokosekana maelezo, mafundi waliamua wenyewe, na walirefusha nafasi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ili injini, giaboksi na viti vipate kuenea.