Nani Aliandika Majina ya Nyimbo Kwenye Kompyuta Yako? Stori ya Watu Wasio na Majina

Wadau, leo tuongee kuhusu kitu ambacho wengi wetu tulikitumia bila kukifikiria hata kidogo.

Enzi za CD, ulikuwa unatumbukiza diski kwenye kompyuta ya mezani, unafungua Winamp au iTunes, unasubiri sekunde chache. Mara paap! Jina la msanii, jina la albamu na majina ya nyimbo zote kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho yanajipanga yenyewe. Ukiuliza watu majina hayo yalitoka wapi, wengi watakuambia yalikuwa ndani ya CD.

Hayakuwemo.

Sony na Philips walipoingiza CD sokoni mwaka 1982, walichoweka mwanzoni mwa diski ni orodha ya namba tu: nyimbo ziko ngapi, na kila wimbo unaanzia wapi. Mwanzo huo unahesabiwa kwa vipande vidogo, 75 kwa kila sekunde moja. Jina la wimbo hakuna, jina la msanii hakuna. Mwaka 1996 ukaja mfumo wa CD-Text uliobeba majina, lakini CD nyingi ziliendelea kutoka bila huo mfumo.

Kwa hiyo yale majina yalikuwa yanaletwa na mtu. Na huyo mtu, mpaka leo, hatumjui.

Ilianza na programu moja ya kupiga CD

Mwaka 1993 kuna jamaa anaitwa Ti Kan, alitengeneza programu ya kupigia CD kwenye kompyuta za Unix, akaiita xmcd. Programu ilikuwa na kitu kimoja kitamu: ukiandika majina ya nyimbo za CD yako mara moja, inayatunza kwenye faili. Siku ukirudisha ile CD, inaitambua.

Watumiaji wakaanza kumtumia mafaili yao kwa barua pepe, ili na wengine wasipate tabu ya kuandika upya. Mafaili yakawa mengi. Hapo akashirikiana na Steve Scherf, na kazi ikahamia kwenye seva ya intaneti. Wakaiita CDDB, yaani kanzidata ya CD. Sasa programu haikuhitaji tena kubeba mafaili yote. Ilikuwa inauliza tu.

Swali la mstari mmoja

Hapa ndipo utamu ulipo, na wala si ngumu kuelewa.

Programu inasoma zile namba za CD: mwanzo wa kila wimbo, urefu wa diski nzima, idadi ya nyimbo. Inazipiga hesabu na kupata kitambulisho cha herufi na tarakimu 8. Halafu inatuma ombi kwenye seva, na ombi lenyewe ni mstari mmoja wa maandishi. Kwa lugha yetu linasema hivi: "Habari, mimi ni programu fulani, toleo fulani, natumiwa na fulani kwenye kompyuta fulani. Nina CD yenye kitambulisho hiki, nyimbo 12, zinaanzia hapa na hapa. Unaijua?"

CDDB ilikuwa na mlango wake maalumu, namba 8880. Shida ni kwamba mitandao mingi ya maofisini ilikuwa na ukuta wa ulinzi unaozuia milango ya namna hiyo. Kwa hiyo ikawekwa na njia ya HTTP, ile ile inayoleta kurasa za wavuti. Yaani programu ya muziki kwenye kompyuta yako ilikuwa inapiga hodi kama kivinjari kinavyopiga, kwa ombi la kawaida la GET. Tofauti ni kwamba halikuja kama ukurasa wenye picha na rangi. Lilikuja jibu la maandishi matupu, na programu ikayasoma yenyewe.

Jibu lilianza na namba. 200 maana yake nimeipata. 211 maana yake nina zinazofanana nayo, chagua. 202 maana yake sina kitu. Ikiwa imepatikana, programu inatuma ombi la pili kuomba faili lenyewe, na majina yanatokea kwenye kioo chako. Maombi mawili, basi. App nyingi za leo zinazokuletea hali ya hewa au matokeo ya mechi zinafanya mambo yale yale: swali fupi, jibu fupi.

Na hii ndiyo sababu CD za kuchoma zenye nyimbo za kuchanganya zilikuwa zinakuja na "Track 01, Track 02" tu. Mpangilio wake wa muda haukufanana na albamu yoyote. Seva inaulizwa, seva inajibu 202.

Waliokutana na 202

Sasa fikiria wewe ndiye wa kwanza duniani kuiweka CD hiyo kwenye kompyuta yenye intaneti. Seva imesema haina. Una mambo mawili: uache, au uchukue kasha la CD na uanze kuandika. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Unakagua herufi. Ukimaliza unatuma, na kuanzia hapo kila anayeweka CD ile, popote alipo, anakuta kazi imeshafanyika.

Watu walifanya hivyo bure. Hakuna aliyelipwa hata senti.

Na majina yao? Hapa ndipo panauma. Ukifungua faili la CDDB, mstari wa kwanza umeandikwa "xmcd", jina la ile programu ya mwaka 1993. Kuna jina la msanii. Kuna majina ya nyimbo, yakihesabiwa kuanzia sifuri. Kuna hata mstari unaotaja programu iliyotumika kutuma taarifa, pamoja na toleo lake. Mtu aliyeandika hana mstari. Mashine imepewa sifa, binadamu ameachwa.

Kingine: CDDB ilikuwa na makundi 11 tu ya kuwekea CD. Blues, classical, country, data, folk, jazz, misc, newage, reggae, rock na soundtrack. Basi. Sasa wewe una CD ya taarabu, au rumba ya Kongo, au dansi la zamani, unaiweka wapi? Folk? Misc, yaani kapu la mazagazaga? Yule asiyejulikana ndiye aliyeamua, na uamuzi wake ukawa ndio jibu kwa wote waliokuja nyuma. Baadaye ndipo ikaongezwa sehemu ya kuandika aina ya muziki kwa maneno yako mwenyewe.

Mlango ukafungwa

Mwaka 1998 CDDB ikauzwa kwa kampuni ya Marekani iitwayo Escient. Mwaka 2000 ikapewa jina la Gracenote. Mwaka 2001 mambo yakabadilika kabisa: programu isiyo na leseni ya kampuni haikuruhusiwa tena kuuliza. Yaani mtu aliyeandika majina ya albamu kwa mkono wake, akiwa anatumia programu ya bure isiyo na leseni, aligonga mlango akakuta umefungwa.

Mwaka 2008 Sony ikakubali kuinunua Gracenote kwa dola milioni 260. Waliochapa wao hawakuwemo kwenye hesabu.

Tusiwe wa upande mmoja. Seva zinakula hela, na mamilioni ya maswali hayajibiwi kwa maombi na sala. Halafu watu walikuwa wanakosea sana: herufi zimerukwa, albamu moja imeingizwa mara tatu. Kusafisha yote hayo ni kazi ya mshahara. Hoja hiyo ina uzito. Ila kulipia seva ni jambo moja, na kumiliki jasho la watu wasioulizwa ni jambo lingine.

Majibu hayakuchelewa. Ikaja freedb, ambayo iliweka taarifa zake chini ya leseni huria, kwamba yeyote anaweza kuzinakili. Ikaja pia MusicBrainz, iliyoanzishwa na Robert Kaye. Freedb ilipofungwa mwaka 2020, data zake hazikufa, kwa sababu leseni ilishawaruhusu wengine kuzibeba na kuendelea nazo. Na kwenye MusicBrainz kila badiliko linaonyesha akaunti iliyolifanya. Kile kile kilichokosekana mwanzo.

Sasa wewe inakuhusu nini?

Inakuhusu sana tu. Leo unaandika mashairi ya nyimbo kwenye app, unarekebisha jina la mtaa kwenye ramani, unapiga picha ya mgahawa na kuweka nyota tano. Kila mara kuna ombi dogo linaondoka kwenye kifaa chako, na kesho mtu mwingine atauliza, atajibiwa kwa jasho lako. Hakuna ubaya kusaidiana, ndivyo tulivyolelewa. Lakini kabla hujabonyeza "tuma", uliza maswali mawili: hiki ninachotoa kitakuwa cha nani? Na siku mlango ukifungwa, nitaweza kuondoka nacho?

Wale wa CDDB hawakuuliza. Hatuwalaumu, nani angejua? Sisi tunajua.

Kwako mdau: umeshawahi kukaa chini ukaandika majina ya nyimbo za CD au kaseti nzima kwenye kompyuta? Ilikuwa albamu gani, na uliiweka kundi gani? Dondosha hapo chini tuone. Na safari hii, weka na jina lako.