Mtepe Juu ya Kabati

Mtepe wangu ulikaa juu ya kabati miaka mitatu. Ni mfano mdogo tu, urefu wake kama mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na nilikuwa nimefikisha mbao mbili kila upande. Kilichonishinda ni matundu. Mtepe haupigiliwi misumari. Ubao hushonwa kwa ubao. Kila nilipohesabu matundu yaliyobaki, nilizima taa nikalala. Baadaye nilinunua gundi. Nilipanga kubandika mbao, kisha nichore mishono kwa kalamu.

Ushonaji huu ni wa kale. Mgiriki aliyeandika Periplus katika karne ya 1 anautaja mji wa Rhapta kwenye pwani yetu, na anasema jina lake lilitokana na vyombo vya kushonwa. Karne nyingi baadaye Wabajuni wa visiwa vya Lamu walikuwa bado wanashona mitepe kwa kamba za usumba, wakiitweka tanga la mraba lililosukwa kwa majani ya miyaa, na kupeleka boriti za mikoko hadi Unguja. Omo lilichomoza kama shingo ya ngamia, na wapo waliosema ni ngamia wa Mtume. Uzuri huo usitudanganye: mtepe ulivuja, na mabaharia walikumba maji safari nzima. Majahazi ya misumari yakauondoa baharini. Miaka ya 1930 mitepe ilikuwa karibu imekwisha.

Tangu hapo umeishi kwa mifano. Mwaka 2003 ulijengwa mmoja wa ukubwa kamili, ukawekwa Beit al-Ajaib, Unguja. Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo ikaporomoka.

Mwaka jana nilisimama mbele ya mfano mdogo katika Makumbusho ya Lamu. Nilikuwa nimekwenda kutazama umbo, ili nikamalize langu kwa gundi. Umbo nililiona vizuri. Nilichotaka zaidi, ghafla, ni kuona ndani: uzi unafungwaje, unavutwa kwa nguvu kiasi gani kabla haujapasua ubao? Nilizunguka nikainama, nikachungulia kila pembe, sikuona. Picha zangu zote nazo zilipigwa kutoka nje. Kama nami ningebandika, ningeongeza picha nyingine tu ya nje.

Niliporudi nyumbani niliushusha mtepe, nikafuta vumbi. Usiku wa kwanza nilivuta uzi mno, ubao ukapasuka kwenye tundu. Nikachonga mwingine na kusogeza matundu mbali kidogo na ukingo. Sihesabu tena yaliyobaki. Nashona shubiri moja, basi. Kuna jioni sishoni kabisa.

Ubao wa tatu umekaa. Nikiweka tochi ndani, mwanga unapenya karibu na tezi, mahali pawili. Kesho nitafumua hapo.