Kibofu, Dafu na Kichocho: Lugha na Historia ya Tiba Unguja

Mnamo mwaka 1850, Seyyid Said bin Sultan alijenga hamamu ya Kidichi kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shahrzad. Mwaka uliofuata, jijini Cairo, tabibu wa Kijerumani, Theodor Bilharz, alimgundua katika maiti mnyoo asababishaye kichocho. Matukio hayo mawili hayakuhusiana, lakini yanatukumbusha kwamba wakati hamamu ile inajengwa, chanzo cha maradhi haya kilikuwa bado hakijajulikana.

Waganga wa pwani walitegemea dalili. Tiba ya Kiyunani, iliyotufikia kwa njia ya Waarabu, iligawa maradhi na vyakula katika hari na baridi. Kwa hoja hiyo, mkojo unaochoma hutakiwa kupozwa: kwa maji ya dafu au maji ya shayiri. Mantiki hii si ya kubezwa. Anywaye maji mengi hukojoa mkojo mwepesi, na mwako hupungua.

Tatizo lipo katika lugha. Mswahili mwenye adabu hasemi mkojo mbele ya watu. Husema haja ndogo. Tasfida hiyo humsitiri mgonjwa, lakini huyafunika pamoja maradhi matatu tofauti: uambukizo wa kibofu, kisonono na kichocho. Dafu hupoza mwako wa yote, halimuui mnyoo. Mayai yake hubaki katika ukuta wa kibofu, na baada ya miaka mingi yaweza kuleta saratani.

Mwaka 1915, nchini Misri, Robert Leiper alithibitisha kwamba mnyoo huyo hupitia kwa konokono wa maji baridi. Hivyo chanzo kilionekana kuwa ni mito na mabwawa wanamooga watoto, wala si hari ya mwili. Dawa ya prazikwanteli ilipatikana katika miaka ya 1970, na katika muongo wa 2010 ugawaji wake Unguja na Pemba ulipunguza sana maambukizi, ingawa haukuyamaliza.

Leo, katika mashamba ya viungo ya Kidichi, mgeni huonyeshwa mti na kutajiwa maradhi unayoyatibu. Mtafiti wa Kiswahili anayeandika maelezo hayo asiridhike na neno la adabu. Aulize: ni kuchoma, ni usaha, au ni damu? Jibu hilo ndilo litakaloamua kama mgonjwa anahitaji dafu tu, au hospitali.