Kwa Nini Meli za Kisumu Hazikuhitaji Bendera ya Kampuni

Kampuni ya meli haipandishi bendera yake kwa urembo. Huipandisha kwa sababu jirani naye ana meli, na matishari mawili yaliyosheheni makaa ya mawe hayatofautiki machoni pa mtu aliyesimama gatini. SHV, kampuni ya Kiholanzi iliyozaliwa mwaka 1896 kwa muungano wa wafanyabiashara wa makaa, ilihitaji alama kama hiyo: mto Rhine ulijaa wapinzani.

Upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, desturi hiyo haikuota mizizi. Jibu jepesi ni kwamba bendera ya mkoloni iliimeza ya kampuni. Silikubali. Mombasa nako kulitawaliwa na Mwingereza, lakini meli za kampuni ya British India zilipandisha bendera ya kampuni hiyo, kwa kuwa tangu 1890 meli za Wajerumani za Deutsche Ost-Afrika Linie ziligombea shehena na abiria wale wale. Kilichokosekana Kisumu, bandari ya ziwa hilo, ni mpinzani.

Historia ya meli William Mackinnon inalionyesha hili. Iliagizwa na Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, ambayo nembo yake ilikuwa jua lenye miale chini ya taji, ikasafirishwa vipande vipande kutoka Uskoti. Mackinnon, mwasisi wa kampuni hiyo na wa British India pia, alifariki 1893. Miaka miwili baadaye kampuni ikaikabidhi serikali himaya yake. Meli iliposhushwa majini Kisumu mwaka 1900, ilibeba jina la tajiri ambaye kampuni yake haikuwa tena na usemi pale. Zikafuata Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza, Usoga na Rusinga, zote za Reli ya Uganda. Abiria wa Homa Bay hakuwa na haja ya kutazama mlingoti ili ajue nauli inakwenda kwa nani.

Ukiritimba huo ulirithiwa na Reli na Bandari za Afrika Mashariki mwaka 1948, kisha na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Uhuru na Umoja, vivuko vya mabehewa vilivyoundwa Uskoti miaka ya 1960, vilikuwa ndugu chini ya mwajiri mmoja. Jumuiya ilipovunjika 1977, Uhuru ikabaki Kenya, Umoja ikaenda Tanzania. Mgawanyo huo, ambao ndani yake majina ya vivuko hivyo yanachekesha kwa uchungu, ulileta bendera za mataifa tofauti ziwani. Lakini Kisumu bado ilikuwa na shirika moja la reli.

Anayetafuta alama za umiliki kwenye ziwa hili na aende kwenye bichi za Dunga au Mbita. Mitumbwi ya dagaa aina ya omena hupakwa rangi kali ubavuni, ikaandikwa jina na maneno ya Mungu kwa Kijaluo au Kiingereza. Huko wenye vyombo ni wengi, wanavua katika maji yale yale, na mnunuzi anayesubiri ufuoni anataka kujua mapema ni chombo cha nani kinachoingia.